Kuonyesha Picha za Video kwa Wakulima Mahali Pasipo na Mtandao wa Kutegemewa

(Hotuba kwa Mabwana Shamba, Mabibi Shamba na viongozi wa vikundi vya wakulima)



Nataka kusema nanyi habari za kuonyesha picha za video vijijini, hasa mahali ambapo mtandao wa intaneti haupo, au upo leo na kesho haupo. Mtu aweza kudhani kwamba hii ni habari ya mafundi wa mitambo, wala si ya kilimo. Lakini sivyo. Mahindi hayangoji mtandao. Yakikauka yatavunwa, yakivunwa yatatiwa ghalani, na mkulima ambaye hakupata mafundisho kabla ya siku hiyo atayatia ghalani vilevile alivyozoea.

Nachukua mfano mmoja, nao ni filamu ya kufundisha kukausha na kuhifadhi mahindi. Nimeuchagua kwa sababu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wapatao 20 walikufa. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317, na katika hao walikufa 125. Sumu hii hutokana na kuvu iotayo katika nafaka ambayo haikukaushwa vyema. Kupika hakuiondoi. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na unga wake waweza kuwa mweupe kama unga mwingine. Jambo kama hili ni vigumu kulifundisha kwa maneno matupu. Imempasa mkulima aone: aone mahindi yakianikwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, aone jinsi ya kuyapima unyevu, aone mfuko usiopitisha hewa ukifungwa barabara. Ndiyo maana picha za video ni msaada mkubwa, zikionekana.

Sasa fikiri umewaita wakulima 60 waje shuleni saa 9 alasiri. Wamekuja. Wengine wametembea saa nzima, na kina mama wameacha kuni na maji. Wewe umefungua simu yako au kompyuta yako, umebonyeza filamu, na kile kiduara kinazunguka. Kinazunguka tena. Unapanda juu ya kiti kutafuta mtandao, unatoka nje, unaelekeza simu upande wa mnara. Mzee mmoja anasimama kwa adabu na kusema ana ng'ombe wa kunywesha. Wengine wanamfuata. Hasara ya siku hiyo si ya saa mbili tu, kwa kuwa ukiwaita mara ya pili watakuja nusu yao, nao mavuno hayatakuwa yamewasubiri.

Wala usiseme, "Hapa kwetu mtandao ni mzuri." Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, ziitwazo EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukadhoofika au kupotea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, hata katikati ya Dar es Salaam. Ukiwa mwezi wa Mei umepanga kufundisha kabla ya mavuno, na tegemeo lako lote ni waya ulioko baharini maelfu ya kilomita mbali na kijiji, umemkabidhi mwingine kazi yako.

Kuwafikishia watu picha pasipo mtandao si jambo jipya. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema za mafundisho huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Sinema zile zilihusu kilimo, mmomonyoko wa udongo, afya na mambo kama hayo, nazo zilichukuliwa na lori lenye mashine yake ya umeme kupita Tanganyika na nchi za jirani. Sauti yake ilikuwa katika sahani za santuri zilizochezwa kando ya picha, ili lugha iweze kubadilishwa kwa kubadilisha sahani. Mengi katika mawazo ya waliotengeneza sinema hizo hatuyataki leo, maana waliwadharau watazamaji wao. Lakini katika jambo moja walikuwa sawa: kila kilichohitajiwa kilikuwamo ndani ya lori.

Na hilo ndilo ninalowaomba. Uondokapo mjini, filamu iwe mkononi mwako.

Kwanza uipate filamu yenyewe. Zipo nyingi nzuri zitolewazo bure na kwa ruhusa. Shirika la Access Agriculture lina filamu za wakulima katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na waweza kuzipakua. Hali kadhalika SAWBO, kazi iliyoanzia katika chuo kikuu cha Illinois huko Marekani, hutoa filamu fupi za katuni kuhusu afya na kilimo, zilizotiwa sauti za lugha nyingi. Nenda mahali penye mtandao mzuri, pakua usiku au alfajiri wakati watu wachache wanatumia, kisha uihifadhi filamu katika mahali pawili: ndani ya kompyuta au simu, na ndani ya flashi. Filamu ya dakika 10 yenye ubora wa wastani kwa kawaida huchukua megabaiti 60 hadi 150, hivyo flashi moja ndogo yatosha kwa mafundisho ya mwaka mzima.

Hapa pana mtego uliowanasa wengi. Filamu uliyoihifadhi ndani ya programu ya YouTube haiko mkononi mwako. Imo katika simu, lakini programu ndiyo yenye ufunguo, na baada ya muda hudai mtandao tena kabla ya kukubali kuionyesha. Mtego mwingine ni slaidi. Mtu hutengeneza slaidi nzuri, akaweka katikati yake picha ya filamu, akadhani filamu imo, kumbe alichoweka ni kiungo tu cha kwenda mtandaoni. Au filamu kweli ilikuwa katika kompyuta ya ofisini, naye amenakili faili la slaidi peke yake katika flashi. Akifika kijijini anabonyeza na kupata kisanduku cheusi. Dawa yake ni kuitia filamu yenyewe ndani ya slaidi, au kuiweka pamoja na slaidi katika folda moja na kuichukua folda nzima. Mimi kwa maoni yangu, kama huna sababu kubwa ya kutumia slaidi, ziache. Filamu peke yake na maneno yako vyatosha.

Angalia pia aina ya faili. Filamu ya MP4 iliyobanwa kwa mpango uitwao H.264 huchezwa na karibu kila mashine. Mpango mpya zaidi, H.265, hufanya faili kuwa dogo, lakini mashine nyingi za zamani huukataa, au hutoa sauti pasipo picha. Na kama utachomeka flashi moja kwa moja katika projekta au televisheni, fahamu kuwa baadhi ya mashine hizo husoma flashi za mpango wa FAT32 tu, nao haupokei faili moja kubwa kuliko gigabaiti 4.

Mambo haya yote huna haja ya kuyakariri, ukifanya jambo moja ambalo nalitilia mkazo kuliko yote niliyosema. Siku moja kabla ya kwenda, ukiwa bado ofisini, kata mtandao kwa mkono wako mwenyewe. Bonyeza ile alama ya ndege katika simu na katika kompyuta. Kisha zima kompyuta kabisa na uiwashe tena, chukua projekta ile ile, waya ule ule na spika ile ile utakayokwenda nayo, uonyeshe filamu tangu mwanzo hata mwisho. Usiangalie dakika ya kwanza tu na kusema inakwenda. Tazama yote. Hapo ndipo utakapojua kwamba programu fulani inadai uingie kwa jina na neno la siri, au kompyuta inataka kujisasisha, au waya wa HDMI ulionao hauingii katika projekta ya wilaya ambayo ni ya zamani. Yote haya yanarekebishika ofisini kwa nusu saa. Chini ya mwembe, mbele ya watu 60, hayarekebishiki. Na ukiisha kuitazama filamu yote utapata faida ya pili, kwamba umeijua, na utajua mahali pa kuisimamisha.

Sasa umeme. Hesabu hii ifanye mwenyewe kwa penseli. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini kama ni ya risasi na asidi usitumie zaidi ya nusu yake, la sivyo itakufa mapema. Basi unazo 600. Projekta ndogo ya taa za LED itumiayo wati 60, pamoja na spika ya wati 20, itakwenda saa 6 hivi, ukiondoa kinachopotea katika kigeuzi umeme. Projekta kubwa ya balbu itumiayo wati 300 itakumalizia betri hiyo hiyo kwa muda wa saa moja na nusu. Watu wengi huona projekta kubwa ni heshima. Kwa mwenye kusafiri na bodaboda, ile ndogo ndiyo yenye akili, maana betri yenyewe tayari ina kilo zipatazo 30. Kama kijiji kina mashine ya kusaga au duka lenye umeme wa jua, mwone mwenyewe mapema kwa heshima, usimshtukize siku ya mkutano.

Lakini projekta ndogo haishindani na jua. Utahitaji giza. Kwetu jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo kuanzia saa 1 usiku shuka jeupe lililovutwa vizuri baina ya miti miwili latosha kabisa. Tena jambo la kufikiria: saa hiyo kina mama wanapika, na njia ina giza. Katika nyumba nyingi mama ndiye aanikaye mahindi, apembuaye na kutunza ghala. Ukionyesha usiku utapata vijana na wanaume wengi, ambao hawataligusa turubai la kuanikia. Yafaa zaidi uonyeshe mchana ndani ya chumba cha shule, ukiomba mablanketi na khanga za kuziba madirisha, hata kama picha itakuwa hafifu kidogo. Na kama huna projekta, televisheni yatosha, au simu yenye kioo kikubwa kwa watu 6 au 8 kwa zamu. Kundi dogo huuliza maswali mengi kuliko kundi kubwa.

Kuhusu sauti nasema hivi tu: picha mbaya yenye sauti nzuri hufundisha, picha nzuri isiyosikika haifundishi. Spika iliyomo ndani ya projekta haimfikii mtu wa nyuma. Chukua spika ya kando.

Twende sasa katika kazi yenyewe. Wengine hudhani kwamba filamu ikianza wao wamemaliza, hukaa kando wakiangalia simu. Huko ni kuitumia filamu kama ngoma ya kuchangamsha watu. Mwaka 2006 ilianzishwa huko India kazi iitwayo Digital Green, nayo ilijaribiwa kwa miezi 13 katika vijiji 16: vijiji 8 vilipewa mafundisho ya video na vijiji 8 vikafundishwa kwa njia ya zamani, ya Bwana Shamba kuwatembelea wakulima. Mahali pa video, wakulima waliofuata baadhi ya mafundisho walikuwa mara 7 zaidi. Lakini sikiliza ilikuwa video ya namna gani. Walioonekana ndani yake walikuwa wakulima wa sehemu hizo hizo, na katika kila onyesho alikuwapo mtu wa kijiji wa kusimamisha picha, kuuliza, na kuandika nani amekubali kujaribu nini. Kijijini haikutumika intaneti, bali televisheni na mashine ya kucheza sahani za DVD. Kwa hiyo aliyefanya kazi ni yule mtu pamoja na picha.

Fanya vivyo hivyo. Filamu ikifika pale mahindi yanapomwagwa juu ya turubai, isimamishe. Uliza, "Mama, nyumbani kwako unaanika wapi?" Mwache aseme. Atasema kwamba turubai ni ghali, na mwingine atamjibu kwamba yeye hutumia magunia ya zamani yaliyoshonwa pamoja. Maneno hayo yana thamani kuliko yaliyomo katika filamu. Ikifika pale pa kupima unyevu, isimamishe tena na uache kuonyesha kabisa. Toa chupa safi ya kioo iliyo kavu, yenye kifuniko. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, kisha mahindi mpaka kiasi cha theluthi ya chupa. Funga, mpe mtu mmoja aitikise kwa dakika moja, kisha iwekwe itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuwekwa. Isipogandamana, unyevu uko chini ya hapo, lakini mwambie aendelee kuanika siku moja au mbili za jua kali, kwa kuwa ghalani twataka kama asilimia 13. Zile dakika 15 za kungoja, rudisha filamu nyuma na uionyeshe sehemu ile mara ya pili. Mahindi ya kupima yatoke kwa wakulima wenyewe. Waambie waje na kikombe kimoja kila mtu, na hapo utaona kila mmoja anataka ya kwake yapimwe.

Kama Kiswahili cha filamu ni kigumu kwa wazee, punguza sauti na umweke mtu aeleze kwa Kigogo au Kirangi au lugha yoyote ya mahali pale. Huyo naye aione filamu kabla.

Na umeme ukikatika? Au projekta ikiungua taa? Usianze kuomba radhi kwa nusu saa. Chupa na chumvi havihitaji betri. Chukua pia magunzi machache yenye mahindi yaliyoota kuvu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, watu wayaone pasipo kuyashika, na mfuko mmoja usiopitisha hewa ili waufunge kwa mikono yao. Zaidi ya hayo, chapisha picha 6 au 7 zilizotolewa katika filamu hiyo hiyo, kubwa kiasi cha kuonekana, uzipange katika bangokitita. Gharama yake ni ndogo, na kwa mafundisho haya mimi sioni kama utapungukiwa sana.

Mkutano ukiisha usiondoke na filamu yako peke yako. Vijana watataka kuinakili. Bluetooth yaweza, lakini kwa faili la megabaiti 100 huchukua dakika 10 au zaidi kwa kila simu, na watu watachoka. Kurusha kwa Wi-Fi ya simu kwa simu, ambako hakuhitaji intaneti wala bando, ni kwepesi mno. Kila anayepokea amrushie mwingine. Kwa wenye simu ndogo zenye kioo kidogo na nafasi ya memori kadi, tayarisha nakala iliyopunguzwa ya aina ya 3GP, maana MP4 kubwa haitacheza humo. Mwache katibu wa kikundi na memori kadi yenye filamu zote, aziweke katika simu ya mtu anayeaminika. Jambo hili pia latuepusha na aibu ya kuitwa tena kwa ajili ya filamu ile ile.

Mwisho, ukiweza, piga filamu yako mwenyewe. Simu yatosha. Ilaze simu kwa upana, msogelee anayesema mpaka sauti ya upepo isimzidi, na usizidishe dakika 5. Umpige mkulima anayejulikana, ambaye ghala lake halikuharibika mwaka jana, kwa ridhaa yake na baada ya kumweleza nani ataiona. Wakulima wanapotazama filamu ya mgeni, swali lao la kwanza huwa, "Huyu ni wa wapi, na mvua yao ni kama yetu?" Wakimwona jirani yao swali hilo halipo, ila watacheka kidogo kumwona katika shuka jeupe, kisha watanyamaza wasikilize.

Tarehe ya kurudi itangaze pale pale kabla watu hawajatawanyika, wiki mbili au tatu baada ya mavuno kuanza. Siku hiyo huna haja ya projekta. Njoo na chupa na chumvi, na daftari lenye majina ya waliosema watajaribu, upite ghala kwa ghala. Palipo na unyevu, mahindi yatolewe nje siku hiyo hiyo, jua likiwa bado linawaka.